Makinikia, Redio na Mfuniko wa Sufuria: Historia Fupi ya Sayansi Iliyofundishwa kwa Mbali

Kama ulikuwa Tanzania mwezi Mei mwaka 2017, neno makinikia lilikufikia tu, hata kama hukulitafuta. Tarehe 24 kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia, ilimkabidhi Rais ripoti kuhusu makontena 277 yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, na tukio zima likarushwa mubashara. Kuanzia siku hiyo, kwenye daladala, saluni na vijiwe vya kahawa, watu ambao hawakuwahi kuwaza habari za miamba tangu walipomaliza darasa la saba walikuwa wanabishana kuhusu shaba, salfa na mitambo ya kuyeyushia. Mzigo wenyewe ulitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, Kahama, mkoani Shinyanga.

Ukifikiria vizuri, lile lilikuwa somo la jiolojia kwa masafa: mwalimu yuko Ikulu, wanafunzi ni mamilioni, na ubao ni televisheni. Sasa fanya jaribio dogo. Muulize mtu yeyote leo: makinikia ni nini hasa? Wengi watakujibu, "mchanga wa dhahabu." Kumbe si mchanga wa kuchota tu na koleo. Ni mwamba uliosagwa ukawa unga, ukachanganywa na maji na dawa, kisha ukapulizwa hewa. Chembe za madini yenye shaba, salfa na dhahabu zikanata kwenye mapovu, zikapanda juu, zikaenguliwa na kukamuliwa maji. Yaani neno tulilipata wote, ila kitu chenyewe hatukukishika wala hatukuona kikitengenezwa.

Makala haya yanahusu pengo hilo. Leo tunazungumza sana juu ya kufundisha watoto wa shule ya msingi kwa mtandao, kana kwamba ni jambo jipya. Si jipya. Tanzania imekuwa ikituma masomo kutoka mbali kwa zaidi ya nusu karne, kwa redio, kwa posta, kwa televisheni, na sasa kwa simu. Njia ilibadilika kila mara, lakini swali lilibaki lilelile: somo likishafika, mtoto anashika nini mkononi?

Maabara iliyo chini ya miguu

Tuanze na mahali penyewe, maana ukanda wa Shinyanga na Geita si mahali pa kawaida kwa somo la sayansi.

Ukivuka Kigongo–Busisi kuelekea Geita, unakanyaga miamba yenye umri wa takribani miaka bilioni 2.7. Dunia yenyewe ina kama bilioni 4.5. Maana yake miamba hii imekuwepo kwa zaidi ya nusu ya maisha ya Dunia. Mingine ni miamba ya chuma yenye mistari, tabaka la chuma juu ya tabaka la kwatzi, iliyojengeka chini ya bahari ya kale kabla hakujawa na mnyama hata mmoja. Dhahabu iliingia baadaye, ikiletwa na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa. Wazungu waliokuja kutafuta madini waliiona mwishoni mwa karne ya 19 wakati wa Wajerumani, mgodi mkubwa ukafanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi wa sasa wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000.

Upande wa Shinyanga kuna Mwadui. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipata pale bomba la kimbalaiti, yaani njia ya volkano ya zamani iliyopandisha almasi kutoka kina cha kilomita 150 hivi. Sehemu yake inayoonekana juu ya ardhi ina ukubwa wa hekta 146, sawa na viwanja vya mpira kama 200. Mwaka 1947 lilitoka pale jiwe la waridi la karati 54.5, akapewa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kama zawadi ya harusi.

Sasa hebu mfikirie mtoto wa darasa la tano Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa. Huyu tayari ana mang'amuzi ambayo mtoto wa mjini hana. Ameona karai likizungushwa majini: mchanga unatoka, dhahabu inabaki. Hapo kuna densiti nzima. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1, ya kwatzi gramu 2.65, ya dhahabu gramu 19.3. Ameona pia ule mchanga mweusi unaokaidi kutoka kwenye karai. Mwingi wake ni madini ya chuma, na sumaku inauvuta. Sumaku haihitaji kununuliwa, maana kila spika ya redio mbovu inayo moja nyuma yake. Ukiifunga kwenye kipande cha mfuko wa nailoni na kuipitisha juu ya mchanga mkavu, zile chembe nyeusi zinasimama kama nywele.

Kwa hiyo vifaa vipo. Tuone basi masomo yaliyotumwa kutoka mbali yalivitumiaje.

Redio, kijitabu na jembe

Mwaka 1967 ulileta mambo mawili makubwa kwa shule ya msingi: waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na uamuzi wa kufanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia madarasa yote ya msingi. Sayansi ikaanza kuzungumzwa kwa lugha ambayo mtoto angeweza kuulizia swali. Kwa mtoto wa Kisukuma bado ilikuwa lugha ya pili, lakini si lugha ya kigeni kabisa.

Miaka hiyohiyo, Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine kadhaa za Afrika zilishiriki katika Mradi wa Sayansi wa Shule za Msingi Afrika, ulioratibiwa na taasisi ya elimu ya Marekani iitwayo EDC. Vitabu vyake vya walimu vilikuwa na mada za kushangaza kwa urahisi wake: mchanga mkavu, mchanga wenye maji, vitu vinavyozama na vinavyoelea, na yule mdudu mdogo anayechimba shimo kama faneli kwenye vumbi ili anase sisimizi. Mtoto hakuambiwa jibu kwanza. Aliambiwa aende akamuulize mdudu. Wazo lilikuwa zuri, ila lilihitaji mwalimu asiyeogopa kusema "sijui, tuangalie," na walimu wa namna hiyo hawakuwa wengi.

Redio nayo ilikuwepo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na vipindi vya shule, na sauti moja iliweza kufika Kahama na Kilwa kwa dakika ileile. Lakini mafanikio makubwa ya redio hayakutoka darasani. Yalitoka kwa watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vijijini. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili kikiongozwa na mtu wa palepale, kisha kikatoka na majembe kwenda kuchimba choo au kufukia dimbwi la mbu. Angalia mpangilio: sauti kutoka mbali, maandishi mkononi, mtu wa karibu, halafu kitendo. Choo kilichochimbwa kilikuwa ndiyo mtihani wenyewe.

Kumbuka mpangilio huo. Tutaurudia.

Mwalimu aliyefundishwa kwa posta

Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma na kuazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote isisubiri tena. Kila mtoto aingie shule ifikapo 1977. Hesabu haikukubali: watoto wangekuwa mamilioni, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Jibu la serikali lilikuwa la ujasiri. Kuanzia 1976 hadi 1984, vijana wapatao 45,000, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba tu, waliandikishwa wasome ualimu wakiwa kazini vijijini mwao. Walifundisha huku wakijifunza kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliokuwa wakizunguka.

Ndio hao walioitwa "walimu wa UPE," mara nyingi kwa dharau. Dharau hiyo haikuwa haki. Bila wao, wazazi wengi wa wanaosoma makala haya wasingejua kusoma. Hata hivyo, kwa upande wa sayansi, lazima tuseme ukweli. Mfikirie kijana wa miaka 18 kwenye kijiji cha Shinyanga mwaka 1978. Somo la sumaku limefika kwa bahasha. Ndani kuna maelezo na mchoro wa sumaku. Sumaku yenyewe haimo. Mkufunzi atapita, lakini si wiki hii. Kijana anakariri ncha ya kaskazini na ncha ya kusini, anafaulu, na kesho yake anasimama mbele ya darasa na kuwakaririsha wenzake wadogo. Nje ya dirisha kuna mchanga mweusi ambao ungeweza kufanya kazi yote.

Hapo ndipo posta ilipozidiwa na Mtu ni Afya. Bahasha ilibeba maandishi vizuri kabisa, ila kitendo hakikumo ndani yake.

Ukimya wa sekunde kumi

Wakati huohuo, mbali sana na kwetu, watu walikuwa wanahangaika na tatizo hilihili. Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenyeji wao wa Nicaragua walitengeneza vipindi vya redio vya hisabati kwa watoto wadogo. Ubunifu wao ulikuwa mdogo lakini wa maana: ukimya. Mtangazaji anauliza swali kisha ananyamaza. Watoto wanajibu kwa sauti, wanahesabu mawe, wanasimama, wanakaa. Redio inaendelea kana kwamba imewasikia.

Nusu ya pili ya miaka ya 1980, Papua New Guinea wakaitumia mbinu hiyo kwa sayansi ya shule ya msingi. Redio ilimwambia mwalimu aandae nini kabla ya kipindi, ikawaongoza watoto kufanya jaribio hatua kwa hatua, ikanyamaza wakiangalia, kisha ikauliza wameona nini. Mwalimu asiyejiamini katika sayansi alikuwa anajifunza pamoja na darasa lake, bila kuaibika.

Kwetu mbinu hii ilifika Zanzibar mwaka 2006, kwa mradi uliowafikia watoto wa awali kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze. Jina lenyewe linakwambia mtoto hakuwa msikilizaji tu.

Televisheni ilichelewa. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi miaka ya 1990, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Mwaka 2014 katuni ya Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, ikaanza kuonekana TBC1 ikifundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Mtoto aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kupitia simu ya kawaida, hata kitochi. Ule ukimya wa redio ulikuwa umerudi kwa sura nyingine.

Machi 2020

Kisha ikaja korona. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule, na wanafunzi wa msingi hawakurudi hadi tarehe 29 Juni. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya redio na televisheni, na vitabu vya kiada vikapatikana kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Shule zenye uwezo zilihamia kwenye magrupu ya WhatsApp.

Unajua kilichotokea, labda kilitokea hata nyumbani kwenu. Simu janja, kama ipo, ni ya baba, na baba anaondoka nayo asubuhi. Inaporudi jioni chaji imeisha, au bando limeisha, au vyote viwili. Picha ya ukurasa wa kitabu inafika kwenye grupu, mama ananakili maswali kwenye daftari, mtoto anajibu, picha inarudishwa. Ilikuwa posta ya 1978 kwa kasi ya umeme: maandishi na mchoro wa sumaku, na sumaku haimo.

Siwalaumu walioandaa. Hakuna aliyekuwa na miezi sita ya kujipanga. Lakini tukisema leo kwamba elimu ya mtandao "haiwezekani" kwa vijiji vya Geita kwa sababu hakuna intaneti, tunakosea nusu. Intaneti ni tatizo kweli. Ila hata ikifika kesho kwa kasi ya ajabu, tukituma kurasa tu, tutapata watoto wanaojua neno makinikia.

Zebaki haisubiri mtihani

Kwa nini tusumbuke? Kwa sababu kwenye ukanda huu, tofauti kati ya kujua neno na kujua kitu inaingia mapafuni.

Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye karasha, wakaosha unga kwenye mwalo, kisha wakachanganya na zebaki. Zebaki inakumbatia chembe za dhahabu na kuwa donge. Donge likichomwa, zebaki inaondoka kwa mvuke na dhahabu inabaki. Mara nyingi uchomaji hufanyika kwenye jiko la kawaida, uani, watoto wakiwa karibu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye migodi midogo ya Tanzania, ikiwemo ya Geita na Shinyanga, na baadhi yao walikuwa wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka huohuo Mkataba wa Minamata ulifunguliwa kutiwa saini, ukipewa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyotupwa baharini iliharibu maisha ya maelfu. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sasa angalia silabasi. Hali tatu za maada ni yabisi, kimiminika na gesi. Kimiminika kikipata joto huwa mvuke. Mtoto wa Rwamgasa anaijua sentensi hiyo na anaipata kwenye mtihani. Je, anajua kwamba ile metali inayong'aa kwenye kichupa cha kaka yake ni kimiminika kama kingine chochote? Kwamba inachemka kwenye nyuzi 357, na hata bila moto inatoa mvuke kidogo kidogo? Kwamba mvuke huo hauna rangi wala harufu, na unaumiza mishipa ya fahamu, ya mtoto zaidi kuliko ya mtu mzima? Maji yanapochemka unaona wingu, kwa hiyo unasogea. Zebaki haikuonyeshi kitu, kwa hiyo unabaki umekaa.

Mapema miaka ya 2000, mradi wa UNIDO ulifika Rwamgasa kuwaonyesha wachimbaji namna ya kuchomea donge ndani ya chombo kilichofungwa, ambacho mvuke wake unapozwa na kurudi kuwa zebaki. Kanuni ya chombo hicho iko kwenye kila jiko la Tanzania.

Somo la dakika kumi

Hebu tulijaribu, kwa mpangilio ule wa 1973 na ukimya wa Nicaragua. Hili ni somo la sauti tu. Linaweza kurushwa na redio ya mkoani, au kutumwa kama ujumbe wa sauti usiomaliza bando.

"Habari za jioni, mwanafunzi. Leo kaa karibu na mtu mzima anayepika. Usishike moto wewe. Subiri maji ya ugali yachemke chini ya mfuniko." *Kimya.* "Mwombe aunyanyue mfuniko na kuugeuza. Unaona nini upande wa ndani?" *Kimya.* "Matone. Yametoka wapi, wakati maji yalikuwa chini?" *Kimya, hapa kirefu zaidi.* "Mwambie mtu mzima jibu lako. Kama hamkubaliani, vizuri, funikeni tena mwangalie."

Siku ya pili: "Jana mvuke ulikutana na mfuniko wa baridi ukarudi kuwa maji. Kusingekuwa na mfuniko, ungeenda wapi?" *Kimya.* "Sasa nikuulize kuhusu zebaki. Ikichomwa bila mfuniko, inakwenda wapi? Nani yuko karibu? Usijaribu hili kamwe, wala usiishike. Waulize tu wakubwa nyumbani: ile inayochomwa, mvuke wake unakwenda wapi?"

Umeona? Hakuna maabara, hakuna video, na kitochi kinatosha. Sauti imetoka mbali, sufuria liko karibu, mtu mzima yuko pembeni, na kitendo cha mwisho ni swali linaloulizwa nyumbani na mtoto ambaye ameshaona matone kwa macho yake. Inawezekana swali hilo lisibadilishe kitu siku hiyo. Lakini mzazi aliyeulizwa hawezi kusema hakuulizwa.

Kama wewe ni mwalimu, mwanachuo unayekwenda mazoezi ya kufundisha, au mtangazaji wa redio kanda ya Ziwa, lichukue somo hili, libadilishe, litafsiri kwa Kisukuma ukitaka, ulijaribu na watoto watano tu. Andika walichosema wakati wa ule ukimya mrefu. Majibu yao ndiyo yatakayokuonyesha somo la tatu lianzie wapi.